Kratt si Jini: Suala la Kazi katika Ngano za Estonia na Ufini

Viumbe wa kubuni katika fasihi simulizi aghalabu hutiwa na wahakiki katika fungu moja la "mazimwi na majini", kana kwamba kazi yao ni kutisha tu. Kratt wa Waestonia anatudhihirishia kasoro ya mtazamo huo.

Kratt hazaliwi. Mkulima humuunda kwa vyombo vikuukuu vya nyumbani na nyasi kavu, kisha humpa Shetani matone matatu ya damu ili kiumbe huyo apate uhai. Tangu hapo kratt huiba mali za watu na kumletea bwana wake. Lakini sharti apewe kazi daima. Akiikosa, humgeukia bwana huyo. Anayetaka kumwepuka humwagiza jambo lisilowezekana, mathalani kuunda ngazi kwa mikate, na kratt huteketea.

Ufini nako yupo para, aletaye maziwa na siagi. Tuwalinganishe wawili hawa na Sampo, kinu cha ajabu katika utenzi wa Kalevala (1835, 1849). Sampo husaga unga, chumvi na fedha; yaani huzalisha. Kratt na para huhamisha tu: ghala moja likijaa, jingine limepungua.

Wakulima wa Estonia walikuwa watwana wa makabaila, wengi wao Wajerumani, hadi sheria za 1816 na 1819. Hapana shaka mtwana aliijua vyema mali inayohama kutoka mikononi mwa aliyeitolea jasho. Kinaya cha ngano ni kwamba anapojipatia mtumishi, yeye mwenyewe hugeuka kabaila, na kazi isiyokoma humrudia kama tishio.

Huenda tukaulizwa: mbona para yupo Ufini, ambako wakulima hawakuwa watwana? Twajibu kwamba utwana haukumzaa kiumbe huyu. Uliipa hadithi yake uzito.

Serikali ya Estonia ilipolitumia jina la kratt mwaka 2019 katika mpango wake wa akili bandia, ilithibitisha kuwa Waestonia bado humwona kama mfanyakazi aliyeundwa. Basi mfasiri wa Kiswahili asimwite jini, kiumbe mwenye hiari na ukoo wake. Hata "chuma ulete", iliyo karibu naye kwa wizi, haina kiwiliwili kilichoundwa kwa mikono. Heri jina libaki kratt, na maelezo yafuate.