Kura za Seneti zilizotafutwa vijijini

Asubuhi ya Juni 10, 1964, Seneta Robert Byrd wa West Virginia alimaliza hotuba iliyodumu zaidi ya saa 14. Muda mfupi baadaye maseneta wakaitwa majina, mmoja mmoja. Sabini na mmoja walitaka mjadala wa Muswada wa Haki za Kiraia ufungwe; 29 walikataa. Hakuna muswada wa haki za kiraia uliokuwa umewahi kuvuka kizingiti hicho.

Ili kuelewa mchango wa makanisa katika ushindi ule, tuanze na hesabu. Kanuni za Seneti ya Marekani zilimruhusu mjumbe kuongea mpaka achoke, na wapinzani walipokezana zamu ili muswada ufe bila kupigiwa kura. Kuwanyamazisha kulihitaji theluthi mbili, yaani kura 67. Chama cha Democratic kilikuwa na maseneta 67 kamili, lakini 23 kati yao, wengi wa majimbo ya Kusini, walipinga. Zikabaki 44. Zilizopungua, angalau 23, zilikuwa mikononi mwa Republican.

Kadhaa kati ya maseneta hao wa Republican walitoka majimbo ya mashamba ya kati: Iowa, Nebraska, South Dakota. Huko Weusi walikuwa wachache na vyama vya wafanyakazi havikuwa na nguvu. Wanaharakati wa haki hawakuwa na wapiga kura wa kumtishia seneta. Lakini kila mji mdogo ulikuwa na Wamethodisti, Walutheri, Wapresbiteri au Wakatoliki. Tena kila jimbo lina maseneta wawili, liwe na watu wengi au wachache. Kwa hiyo mchungaji wa South Dakota alikuwa na uzito ambao mwenzake wa New York hakuwa nao.

Baraza la Taifa la Makanisa liliiona nafasi hiyo. Juni 1963 liliunda Tume ya Dini na Rangi, na Septemba likaendesha warsha mjini Lincoln, Nebraska, kuwaandaa viongozi wa makanisa ya ukanda ule. Kazi iliyofuata haikuwa na makeke: kueleza muswada kanisani, kuandika barua, kumtembelea mbunge anaporudi nyumbani. Barua ya mgeni hutupwa kapuni kirahisi. Ya mchungaji aliyembatiza mjukuu wako hujibiwa.

Baraza la Wawakilishi liliupitisha muswada Februari 10, 1964, kwa kura 290 dhidi ya 130. Ulipokwama Seneti, waumini wakasogea Washington. Aprili 19, wanafunzi wa theolojia, Waprotestanti, Wakatoliki na Wayahudi, walianza kukesha kwa zamu mbele ya sanamu ya Rais Lincoln, usiku na mchana, mpaka muswada upite. Aprili 28, maelfu ya watu wa dini hizo walikusanyika Chuo Kikuu cha Georgetown. Mkusanyiko huo ulimnyima mpinzani hoja kwamba hili ni jambo la dhehebu moja.

Hata hivyo, makanisa hayakushinda peke yao. Everett Dirksen, kiongozi wa Republican katika Seneti, alikaa wiki nyingi akirekebisha vifungu ili wenzake wakubali. Bourke Hickenlooper wa Iowa alikubali mjadala ufungwe, kisha Juni 19 akapiga kura kuupinga muswada wenyewe. Shinikizo la nyumbani liliweza kuufungua mlango bila kuibadilisha imani ya aliyeufungua. Nao mlango ndio uliokuwa kikwazo: ulipofunguka, muswada ulipita kwa kura 73 dhidi ya 27, na Rais Lyndon Johnson akautia saini Julai 2.

Kura 27 za Republican zilifunga mjadala, nne zaidi ya zile 23 zilizohitajika. Richard Russell wa Georgia, jemadari wa wapinzani, alilalamika Senetini kuhusu viongozi wa dini waliojitosa katika vita ile. Alijua vizuri kura zake zilikovujia.