Pongezi kwa Mpiga Picha wa Harusi
Wastahiki shukrani wapiga picha wa harusi zetu za mwambao, hasa wale ambao, waingiapo ukumbini, huitazama dari kabla ya kumtazama bibi harusi. Kwani ikiwa nyeupe, huielekeza flashi juu, nuru ikarejea kwa upole, isiuparuze uso wala kuacha kivuli cheusi ukutani. (Dari ya kijani ni balaa: wageni wote huonekana wagonjwa.) Na kwa kuwa nuru ya flashi, masafa yakizidi maradufu, hubaki robo tu, fundi huiacha kamera wazi kitambo, yapata 1/30 ya sekunde, ili taa za ukumbini nazo zionekane. Hodari zaidi, kwa rai yangu, ni yule aizimaye flashi kabisa khutba ya nikahi inaposomwa.