Angalia Mstari wa 42

Ukitaka kujua kama aliyeandika maelezo ya programu ni fundi, usihangaike kwanza na sarufi yake. Tafuta pale anaposema "angalia mstari wa 42", kisha nenda ukaangalie.

Mara nyingi utakuta mabano ya kufungia, au mstari mtupu. Siku anaandika, kitu alichokitaja, tuseme hesabu ya VAT, kilikuwa pale kweli. Kisha mwenzake akaongeza mistari mitatu juu ya faili, msimbo wote ukashuka, nambari ikabaki inaonyesha nyumba ya jirani.

Kwa wanaotumia Org ndani ya Emacs, kiungo cha mazoea ni [[file:ankara.py::42]]. Fundi huandika [[file:ankara.py::def piga_vat]]. Hapo kinachotafutwa ni maneno yenyewe, hata yakihamia mstari wa 300. Jina likibadilishwa kiungo kitagoma, na mimi nakipendea hilo: cha nambari hakigomi, kinakupeleka popote kwa uso mkavu. Msimbo ukiwa ndani ya hati yenyewe, tazama kama mwandishi ameubandika mstari lebo, mfano (ref:kiwango), kisha akauita kwa [[(kiwango)]]. Wakati wa kuchapa, ukiwasha -n na -r kwenye kipande hicho, Org itaondoa lebo na kuhesabu nambari yenyewe. Anayehesabu kwa kidole hapo anajitesa bure.

Kwenye Markdown, viungo vingi huelekea GitHub, na hapo ndipo jicho linahitaji ukali. Mkia wa #L42-L45 hauniambii kitu mpaka nione kilichoutangulia. Je, ni jina la tawi, kama main, au ni ule utambulisho mrefu wa toleo, herufi na tarakimu 40? Kubonyeza y ukiwa kwenye ukurasa wa faili kunabadilisha la kwanza kuwa la pili. Wengi hufundishwa kugandisha kila kiungo hivyo kwenye toleo moja. Sikubaliani nao.

Chukua Kenya: VAT ilishushwa kutoka 16% hadi 14% tarehe 1 Aprili 2020, ikarudi 16% tarehe 1 Januari 2021. Hati inayoeleza kwa nini ankara za Juni 2020 zina 14% lazima igandishe toleo la wakati ule, la sivyo msomaji atafungua akute 16% na kudhani umekosea. Lakini mwongozo wa mgeni kazini, anayetaka kujua kiwango kinapobadilishwa leo, ukigandishwa utamfundisha msimbo uliokwisha kufa.

Upana nao uangaliwe. Mistari minne inaonyesha. Mistari 80 ni kumwambia mtu "iko humo humo, tafuta".

Mimi mwenyewe nina hati ya zamani isemayo "tazama mstari wa 212". Faili lenyewe siku hizi lina mistari 190.