Msitu Ndani ya Tone

Mara ya kwanza niliitazama Jurassic Park katika banda la video, mtafsiri akipaza sauti juu ya maneno ya waigizaji. Mchimbaji alipoinua lile jiwe la njano lenye mbu ndani, mtafsiri akasema, "Gundi hiyo!" Tukacheka. Juzi nimeitazama tena, na safari hii nina ugomvi nayo.

Filamu hiyo ya Steven Spielberg, ya mwaka 1993, inatuonyesha kaharabu ikichimbwa Jamhuri ya Dominika. Kaharabu ya huko ina umri wa miaka milioni 15 hadi 20. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mbu wake hakuwahi kumwona dinosaria, seuze kumnyonya. Hilo nalisamehe, hadithi ni hadithi. Nisilolisamehe ni kwamba filamu inafyonza damu ya mbu, kisha kaharabu inaitupa kama ganda la muwa.

Msitu umo ndani ya ganda hilo. Kaharabu ya Dominika imehifadhi nyuki wasiouma, mijusi, maua, hata utando wa buibui. Ile ya Gujarat, India, yenye miaka kama milioni 50, ilitoka kwenye miti ya ukoo ambao hadi leo ndio unaotawala misitu ya mvua ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Nasi tumo katika hadithi hii. Mti uliotoa kaharabu ya Dominika umekwisha kutoweka, lakini ndugu yake wa karibu, kwa mujibu wa George Poinar aliyeupa jina mwaka 1991, ni msandarusi wa pwani ya Afrika Mashariki. Karne ya 19 sandarusi yetu ilipitia Zanzibar hadi Salem, Marekani, ikawa vanishi. Wachimbaji waliifukua hata mahali ambapo miti yenyewe haikuwapo tena.

Filamu inaonya juu ya tamaa, lakini chini kwa chini inatuliwaza: kilichopotea kinaweza kurudishwa. Mwaka 2013 watafiti wa Manchester walitafuta vinasaba vya kale katika nyuki walionaswa ndani ya sandarusi, mmoja akiwa na umri wa miaka kama 60 tu. Hawakupata ushahidi wa kuaminika. Tone huhifadhi umbo la kilichokuwapo. Uhai wake haliurudishi.

Yule mtafsiri simlaumu sana. Ila neno tulikuwa nalo, na miti michache bado tunayo.