Mshipa upi, daktari?

Wiki jana mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya maelezo kwa akina mama wanaovuja damu nyingi baada ya kujifungua. Nilikwama kwenye sentensi moja: "Daktari atafunga mshipa wa nyonga." Ala! Mshipa upi?

Neno hili tumelibebesha mzigo mzito. Mshipa ni njia inayotoa damu moyoni, ni ile inayoirudisha, ni neva na, kwa wengi, ni ngiri pia. Barazani, muktadha hutuokoa. Katika tiba, hautoshi.

Tazama mwili wenyewe. Aota, ateri kubwa kuliko zote, hugawanyika mara mbili kwenye pingili ya nne ya kiuno. Kila tawi nalo huzaa mawili. La nje huteremka mguuni. La ndani huingia kwenye fupanyonga na kulisha kibofu, mji wa mimba na misuli ya makalio. Linalofungwa kupunguza uvujaji ni hili la ndani. Likifungwa la nje kwa makosa, mguu huwa hatarini. Tena, ateri hiyo imepakana na vena yenye ukuta mwembamba, ambayo daktari huchunga asiipasue. Sasa zote tuziite mshipa tu?

Najua atakayesema daktari haongozwi na kijikaratasi. Kweli, lakini mama huongozwa nacho. Akisoma kuwa "mshipa umefungwa", huenda akadhani amefungwa kizazi. Kumbe mirija ya uzazi haikuguswa, na mji wa mimba bado hupata damu kwa njia nyingine, zikiwemo ateri za ovari zinazotoka kwenye aota yenyewe. Tafsiri mbovu humwachia hofu ambayo upasuaji haukumletea.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilitetea mshipa nikiyakwepa maneno ateri na vena kwa kuwa ni ya kukopa. Nilikosea. Daktari pia ni neno la kukopa, na hakuna anayelikataa. Mshipa wa damu libaki kuwa jina la jumla. Ateri na vena yataje aina zake.

Mwanafunzi wangu ameandika upya: "Tutafunga ateri ya ndani ya fupanyonga, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye mji wa mimba. Hatutafunga mirija yako ya uzazi." Sentensi imerefuka, ndiyo. Ila sasa mama anajua atakachofanyiwa.