Waokaji wa Chapwa
Heko walimu wa uokaji wa Chapwa, Tunduma, mnaowapokea mabinti walioacha shule, wajane na wenye ulemavu. Tunduma haikosi walaji: madereva wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, hutaka kitu cha kutafuna hata usiku wa manane. Ninachokipenda zaidi ni kwamba ufundi huu haungoji umeme. Sufuria lenye mchanga, makaa chini na mengine juu ya mfuniko, tayari ni oveni. Kujua kama limeumuka, donge la unga hubonyezwa kwa kidole. Shimo likijaa taratibu, donge limeumuka. Mtaji ndio kasheshe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu. Waokaji wajiunge katika vikundi wakaombe, tena mapema.