Uso wa Sultani Kwenye Stempu

Stempu yenye sura ya sultani ni picha ya mtawala iliyopunguzwa hadi ikatosha kufunikwa kwa kidole gumba. Zanzibar ilitoa ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1896, ikiwa na uso wa Sayyid Hamed bin Thuwaini. Kabla yake posta ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa ya jina Zanzibar. Stempu za Hamed zilichapwa na kampuni ya De La Rue ya London, na bendera za sultani zikatiwa rangi nyekundu.

Ulaya ilikuwa na desturi ya zamani ya picha ndogo za kifalme. Wachoraji kama Richard Cosway (1742–1821) waliwachora wana wa wafalme juu ya vipande vyembamba vya pembe ya ndovu. Koti la kijeshi, nishani na mapambo ya mabegani vilipakwa rangi nzito. Uso ukapakwa rangi nyepesi mno, ili weupe wa pembe uwe ndio ngozi. Pembe ni bidhaa ambayo Zanzibar iliiuza kwa wingi katika karne ya 19.

Mchongaji wa stempu hana pembe ya kumsaidia. Ana mistari tu, na kila mstari huukata kwa chombo chenye ncha kali katika bamba la chuma laini, huku akitazama kupitia kioo cha kukuza. Hufanya kazi kinyumenyume: shavu la kulia huchongwa kushoto, na jina la nchi huandikwa likisomeka nyuma mbele. Wino wa uso ni mmoja, kwa hiyo kivuli hakipatikani kwa kuchanganya rangi. Mfereji ukiwa na kina kirefu hushika wino mwingi na kuchapa weusi. Ukiwa wa juujuu, weusi hufifia. Penye shavu mistari hukatika ikawa nukta. Chini ya jicho hupishana. Mkono ukiteleza, kulirekebisha kosa ni kazi ngumu, na ndiyo maana ustadi huu unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Bamba likiisha kuchongwa hufanywa gumu kwa moto, kisha sura yake huhamishwa kwa gurudumu la chuma hadi kwenye bamba kubwa la kuchapia, ikarudiwa safu kwa safu. Karatasi hugandamizwa kwa nguvu hadi iingie ndani ya mifereji kuufuata wino, ndiyo sababu ncha ya kidole huhisi mistari iliyoinuka.

Mkuu wa Ulaya hutambulika kwa koti lake. Wa Zanzibar hutambulika kwa kilemba, na hapo mchongaji alipata nafasi ya kuonyesha umahiri wake, kwani mikunjo ya kitambaa humpa mapito ya mwanga na giza ambayo koti lililonyooshwa haliwezi kumpa. Katika stempu za Sayyid Khalifa bin Harub, zilizoanza kutolewa mwaka 1913, kilemba kina uhai sawa na uso.

Sayyid Khalifa alitawala tangu 1911 hadi 1960, hivyo sura yake ilizoeleka kuliko ya mtangulizi wake yeyote. Ilizoeleka hata Pemba, kisiwa cha karafuu cha milki yake, na Mkoani, bandari yake ya kusini, ndiko meli za Unguja zilikofunga. Barua iliyoondoka hapo ilibeba sura hiyo pembeni mwa bahasha. Bei iliyoandikwa chini yake ilibadilika pamoja na fedha: anna zilipisha senti za rupia mwaka 1908, nazo zikapisha senti za shilingi mwaka 1936.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizokuwa na sura ya Sayyid Abdulla bin Khalifa, za toleo la 1961, ziligongwa muhuri wa neno Jamhuri juu yake, kwa mkono kwanza, kisha kwa mashine. Wino huo mpya ulikaa juu ya mistari bila kuingia ndani yake.